Kuku Waliomo Kwenye Mpango

Mshonaji alikuwa anatia uzi kwenye cherehani wakati watu wa mipango ya ardhi walipofika na ndoo ya rangi nyekundu. Walisema bahari inakula ardhi, na mstari watakaoupaka ndio mpaka: wa upande wa barabara wabaki, wa upande wa maji wahame. Mstari ulinyooka kati ya barabara na nyumba zote, ya mshonaji ikiwemo, zikabaki upande wa maji. Ulipofika nyumba ya jirani, kwa mdogo wake mshonaji, ambaye mumewe ni dereva wa bosi wa mipango, ulikata kona kuelekea majini, ukazunguka nyumba, choo na banda la kuku, kisha ukarudi kuendelea na safari.

Mshonaji alisonya. Tangu utotoni, kitu kizuri kikiwa kimoja, kilikwenda kwa mdogo.

Maji yalipopanda, bahari iliufuata mstari bila kukosea. Kwa mdogo ilisimama wima hadi usawa wa paa, ikalizunguka banda, na kuku wakaendelea kudonoa. Kwa mshonaji iliingia mlangoni, ikajaa jikoni.

Alikwenda ofisini. Bosi alimweleza kwa upole kwamba mpango umeshapitishwa, na bahari yenyewe haijalalamika. Maji yalipokupwa, mshonaji akanunua rangi nyekundu ile ile, akazungushia nyumba yake mstari. Bahari ilirudi, ikasitasita kama mtu anayetafuta mhuri, kisha ikapita.

Mdogo akampa chumba cha uani. Kila asubuhi alimpelekea maji ya moto ya kuoga, na wema huo ulimkera mshonaji kuliko yote. Kupitia dirishani aliiona cherehani yake ndani ya maji, samaki wakipishana chini ya meza. Aliwaonea wivu kuku. Hakuficha, mayai yao aligoma kuyala.

Siku moja bosi alileta wageni waone mpango unavyofanya kazi. Waliyagusa maji, wakapiga picha. Mmoja aliuliza nyumba ile iliyomo ndani ya maji ni ya nani. Bosi akasema hiyo iko nje ya mpango. Mshonaji alikuwa amesimama hapo hapo na sinia la chai.

Walipoondoka, mdogo alianza kukusanya vikombe.

“Dada, usiyaweke moyoni. Hapa ni kwako.”

“Kwangu ni pale samaki wanapoingia bila hodi.”

“Shemeji yako angesema nini mbele ya bosi? Angefukuzwa kazi.”

“Banda aliliombea.”

Mdogo aliosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi.

Rangi ilipoanza kupauka, wafanyakazi walirudi na ndoo. Waliufuata mstari ule ule, wakakata kona pale pale. Walipofika bandani, mshonaji aliwashika kuku mmoja mmoja, akawasogeza kando wasichafuke miguu.