Vifundo vya Kwapani

Sindano ilikuwa imeshavutwa dawa. Mbwa Sharubu amelazwa juu ya meza ya bati, mdomo umefungwa bendeji, kilo mbili na nusu za nywele na hasira, na daktari wa mifugo anamtafuta mshipa.

"Ngoja kwanza," nikasema.

Kijana wa marehemu bibi niliyemtumikia hakugeuka. "Mama, nilikuomba ubaki kwenye gari."

"Uliniomba, ndiyo."

Nilikuja kumuaga mbwa, na kwenye gari nilikuwa nimeanza sala ya kumwachia Mungu. Katikati nikaona namwachia kazi iliyokuwa yangu. Nikafungua mlango.

Miaka kumi na moja nilifanya usafi nyumbani kwa mama yake. Kila asubuhi, kabla sijashika ufagio, nilimkuta bibi kwenye kiti cha dirishani anamchana mbwa wake. Hayakuwa manyoya ya mbwa niliowazoea. Zilikuwa nywele hasa, laini kama hariri, rangi ya chuma mgongoni, kahawia ya dhahabu usoni na miguuni, na zilikua bila kusimama hadi zikafagia sakafu. Bibi alizinyunyizia maji kiduchu, akaanza nchani, akapanda taratibu. Za usoni alizifunga juu kwa utepe zisimchome macho. Mwisho alinyanyua mguu wa mbele, akapapasa kwapani.

"Hapa ndipo mvivu hujulikana," aliniambia. "Kifundo ukikiosha kabla hujakifungua, umekishona."

Mwaka nilipofiwa na mume wangu sikusema na mtu ila Mungu, na hata Naye kwa mkato. Bibi hakunipa pole. Alinipa kitana. Nikachana, nikalia, mbwa akanilamba kiganja.

Bibi alipofariki, mkwe wake, mke wa kijana huyu, alimchukua Sharubu. Wiki tatu hakuguswa na kitana. Kisha, kwa kuwa ananuka, wakamwogesha kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Tangu siku hiyo akawa anauma kila anayembeba: mkwe, jirani, mwishowe mtoto. Wakasema kaingiwa na kichaa. Hakuna aliyeuliza anaumwa wapi.

"Daktari, mnyanyue mguu wa mbele," nikasema.

"Karatasi nimeshasaini," kijana akasema. "Na aliyesomea ni daktari. Wewe umeishia shule ya msingi."

"Kweli. Huko hawakufundisha mbwa. Kanifundisha mama yako, na asubuhi zote hizo wewe ulikuwa umelala."

Daktari akakohoa, nadhani alimeza kicheko. Kijana akanyoosha mkono anitoe. Nikafunika ule mguu kwa kiganja changu, pale pale sindano ilipokuwa inaelekea.

"Haya, chomeni. Mtaanza na mimi."



Daktari akaiweka sindano pembeni. Akanyanyua mguu. Kwapani nywele zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kigumu kama soli ya kiatu, na kila hatua ilivuta ngozi hadi ikachanika. Kwapa la pili hivyo hivyo.

"Aliogeshwa kabla ya kuchanwa?" akauliza.

Kijana akaivuta ile karatasi aliyoisaini, akaikunja.

Daktari alinyoa palipogoma, nami nikafungua kwa vidole na mafuta palipokubali. Tulipomaliza nikamtoa bendeji mdomoni bila kuomba ruhusa. Sharubu akapiga chafya, akalala juu ya mkono wangu.

Nilikwenda naye kwangu. Utepe wake niliukata kwenye pindo la nguo yangu nyeusi ya msiba. Wifi yangu alipouona akasema, "Mjane mzima unalea mbwa kama mjukuu."

"Mjukuu hakai akachanwa," nikamjibu, na kazi ikaendelea.

Mwaka ulipopita kijana akaja. Alikaa mlangoni, ananitazama ninavyochana. Hakusema samahani, nami sikumwambia nimesamehe. Nilimpa kitana.

"Naanzia wapi?"

"Nchani."

Alichana mgongo, miguu, mkia. Akanirudishia. Sikukipokea.

Akatazama kitana, akanitazama mimi, kisha akanyanyua mguu wa mbele.