Vikanyagio vya Mama Mkwe

Tangu Nelima azikwe, Wekoye alikuwa hasikii kitu. Hakulia, hakukosa usingizi, na chakula alimaliza sahani nzima, jambo lililowaudhi majirani zake wa Endebess, maana mgane anayekula vizuri huwanyima watu nafasi ya kumfariji. Alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa kwa pikapu yake kuukuu, akarudi, akalala. Akiulizwa hali, alijibu ni salama. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, naye hakuwa na haraka ya kuuamsha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimrudia, nacho hakikuwa hata sura ya mkewe. Ilikuwa sauti ya kiatu kikiparuza bati.

Siku ya maziko, basi dogo lililotumwa Kanduyi kuwachukua wakwe lilijaa pomoni. Mama Rosaline, mamake Nelima, aliambiwa asubiri gari dogo lije nyuma, kwa kuwa nyonga yake ilivunjika miaka miwili iliyopita na haikuunga vizuri. Gari hilo likaharibikia njiani, Webuye. Wekoye alipopata habari aliwaacha waombolezaji uani, akawasha pikapu, akaenda mwenyewe. Alikuta boma tupu. Kila mwenye miguu alikuwa amekwenda kumzika Nelima, na mama mzazi amekaa barazani peke yake, kavaa nguo ya kanisani, mkoba mapajani.

Sasa, kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, na mkwe mwenye adabu humpisha mama mkwe njiani hata ikibidi aingie mtaroni. Wako wakwe wa siku hizi wanaopiga picha wamekumbatiana na mama zao wakwe, na dunia bado iko pale pale. Wekoye hakuwa wa kundi hilo. Alifungua mlango wa abiria, akarudi nyuma hatua kumi, akageuka kutazama migomba ili mama apande bila kutazamwa. Akasikia kiatu kikiparuza bati, kikashuka. Kikaparuza tena. Mara ya tatu alisikia pumzi ya mtu anayekaribia kuanguka, lakini mikono yake mwenyewe ilibaki imeshikana mgongoni. Hakukuwa na mtu wa kumwita, si mtoto, si jirani.

"Nenda, Baba Nakhumicha," mama akasema hatimaye, akimwita Wekoye kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Usifanye mtoto wangu angoje kwa jua."

Akaenda. Nelima akazikwa saa nane bila mamake.

Miezi mitatu ilipita. Wanawe Mama Rosaline walijitolea kumkodia gari, zuri tu, la chini, lakini mama akakataa kata kata. Alisema mkwe aliyemwacha ndiye atakayemchukua. Wazee wakiamua hivyo hakuna wakili wa kuwabadilisha. Halafu shemejiye Wekoye, Sifuna, akapiga simu: mama amesikia kuwa kaburi litasakafiwa Jumamosi, na anataka kuugusa udongo wa mwanawe kabla haujafunikwa kwa saruji. Ilikuwa Jumatatu. Wekoye akasema sawa, akakata simu, akaenda kuwapa ng'ombe majani.

Kesho yake alikuwa Kitale, kwa Yakub, anayeuza vipuri vya magari yaliyokufa. Nyuma ya kibanda, chini ya rundo la milango, walipata jozi ya vikanyagio vya alumini, vile virefu vinavyofungwa chini ya milango ya gari la juu ili mtu apande kwa hatua mbili badala ya moja. Vilitoka kwenye gari kubwa zaidi. Vilikuwa vimepakwa rangi nyeusi na mtu asiye na macho, lami imeganda pembeni, na pale rangi ilipobanduka alumini ilikuwa imeota ukungu mweupe.

"Hii gari imezeeka, bana," Yakub alimtania, "na wewe unaivalisha viatu vya harusi."

Wekoye hakucheka wala hakukasirika. Aliomba mafuta ya taa na kitambaa.

Alivisafisha siku nzima. Lami aliilainisha kwa mafuta ya taa, akaikwangua kwa kipande cha mti ili asikwaruze. Rangi aliitoa kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini. Ukungu aliusugua kwa ndimu na majivu, kama mkewe alivyosugua sufuria, na hata alipokumbuka hilo hakusikia kitu, akaendelea kusugua. Ile mistari ya kuzuia mguu kuteleza ilikuwa imeziba kwa udongo mgumu. Aliichimbua mmoja mmoja kwa msumari. Yakub, ambaye kwa desturi hamalizi dakika mbili bila neno, alinyamaza akamtazama, halafu akamletea chai.

Jumatano wakavifunga. Vilikuwa virefu mno, wakavipunguza kwa msumeno wa chuma na kulainisha ncha kwa tupa. Yakub alitaka kuvifunga kwenye bati la chini ya mlango, kazi ya nusu saa. Wekoye akakataa, maana bati lile lilikuwa limeliwa na kutu, na uzito wa mtu mzima ungeling'oa. Akalala chali chini ya gari, akatoboa kwenye chesesi yenyewe, ule uti wa mgongo wa gari, akaweka vyuma vinne vya kushikilia kila upande. Kati ya chuma na alumini alitia vipande vya mpira vilivyokatwa kwa tyubu kuukuu, ili kimoja kisimle mwenzake kwa kutu. Akakaza nati, akasimama juu ya kikanyagio, akarukaruka. Akamwomba Yakub naye apande, na Yakub si mtu mwembamba. Hakikutikisika hata kidogo. Kazi ilikuwa safi, na mtu mwingine angejisifu.

Alhamisi asubuhi walishuka Bungoma pamoja. Yakub alikuwa na gia boksi ya kutazama mjini, na Wekoye alimchukua kwa sababu nyingine pia: alishapanga Yakub akae katikati, yeye kwenye usukani, mama mkwe upande wa mlango. Hapo adabu imelindwa. Alikuwa ameliwaza jambo hili kutoka kila upande, na aliona hakuacha tundu.

Kanduyi walimkuta Mama Rosaline barazani, kavaa nguo ile ile ya kanisani, fimbo mkononi, na mke wa Sifuna, Nasimiyu, amesimama kando yake. Walisalimiana kwa mbali kama inavyotakiwa. Wekoye akafungua mlango wa abiria. Vikanyagio viling'aa kwa jua mpaka kuku wakasogea kutazama. Akarudi nyuma hatua kumi, akageukia migomba, akangoja kusikia kiatu.

Hakusikia kiatu. Alisikia fimbo ikizunguka gari polepole, mpaka nyuma, ikasimama.

"Hii chuma umeweka mlangoni ni ya nini?" mama akauliza.

Wekoye akajibu akiwa bado amewapa mgongo, kwamba ni ya kumwezesha kupanda, kwa sababu ile siku mlango ulimshinda.

Mama akagonga bati la nyuma kwa fimbo. "Mlango haukunishinda," akasema. "Sikuwa mlangoni. Nilikuwa huku nyuma, napanda mahali pa mizigo. Si ungeniuliza tu? Ningekaaje kando yako, mimi niliyemzaa bibi yako?"

Wekoye akasimama vile vile. Miezi mitatu alikuwa akimwona mama mkwe mlangoni, mguu mmoja hewani, na picha hiyo hakuipata kwa macho. Aliitengeneza kwa masikio. Yule mama alikwenda kupambana na kizuizi cha nyuma, kinachomfika mtu mzima kifuani, pale ambapo hata kijana mwenye nyonga mbili nzima hupanda kwa kujivuta, na alifanya hivyo kimya kimya asimwaibishe mkwe wake. Yeye naye, kwa heshima, hakugeuza shingo. Heshima mbili zilipishana pale uani kama watu wawili gizani, na Nelima akazikwa bila mama. Wekoye aliyajua haya yote sasa, moja baada ya jingine, na bado kifua kilikuwa kitupu.

Yakub alijaribu kusaidia. Akaeleza kwamba yeye atakaa katikati.

"Kiti ni kimoja, mwanangu," mama akamwambia, kwa upole. "Hata mkae kumi, kiti ni kimoja."

Nasimiyu akapendekeza waite vijana wa jirani wambebe wamweke nyuma juu ya godoro. Mama akasema yeye si gunia la mahindi. Halafu akamuuliza Yakub kama anajua kuendesha gari. Yakub akasema anajua tangu zamani. Basi, akasema mama, wewe endesha, na mwenye gari apande huko nyuma.

Hivyo ndivyo Wekoye alivyopanda mahali pa mizigo ya gari lake mwenyewe. Aliweka mguu, ukateleza, kiatu kikaparuza bati. Akajaribu tena, akajivuta kwa mikono, akaingia kwa tumbo, akaketi karibu na mitungi ya maziwa. Kutoka pale alisikia Mama Rosaline akikanyaga alumini, hatua ya kwanza, kupumua, hatua ya pili. Mlango ukafungwa. Mama hakushikwa na mtu.

Safari ilikuwa ndefu. Webuye vumbi, Kamukuywa manyunyu, Kiminini mvua yenyewe. Yakub alisimamisha gari akataka wabadilishane, kisha akakumbuka kwamba haiwezekani, akampa gunia la plastiki ajifunike. Watu wa Kitale waliomfahamu walimwona Wekoye akipitishwa sokoni juu ya pikapu yake, ameloa chepechepe, gunia kichwani, na bila shaka walikuwa na la kusema juma zima. Hakujali.

Walifika Endebess mvua imekatika. Mama alishuka vile vile alivyopanda, kwa miguu yake na fimbo yake. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa umetitia kwa mvua za miezi mitatu na majani yameanza kuota, na msalaba wa mbao haukuwepo, ulikuwa umepelekwa kwa fundi ili anakili jina na tarehe. Yakub alibaki garini. Wekoye alisimama mbali, hatua kumi, akitonesha maji.

Mama Rosaline alizunguka kaburi mara moja. Akasimama upande mmoja, akaenda wa pili, akarudi. Wekoye alimwona akisita, na hakuelewa anatafuta nini.

"Baba Nakhumicha," akasema, bila kumtazama. "Kichwa kiko upande gani?"

Mama aliyemzaa hakujua kichwa cha mwanawe kiko wapi, kwa sababu hakuwepo. Wekoye akapangusa maji usoni, akajibu.

"Upande wa mlima, mama. Amelala ubavu, anatazama nyumba."

Mama akaenda upande wa mlima. Akajishusha kwa fimbo, polepole, mpaka akakaa kwenye udongo mbichi na nguo yake ya kanisani, akaweka kiganja pale alipokisia paji la uso, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakiacha pale.

Na hapo Wekoye akasikia kitu kifuani. Hakikuanza kidogo kidogo. Kilimjia chote kwa mara moja, akakaa chini kwenye majani akalia kwa sauti kubwa, kilio kilichowafikia majirani, kilio cha mtu aliyefiwa leo hii. Alilia kwa ajili ya Nelima, na kwa ajili ya ile shingo aliyokataa kuigeuza.

Mama Rosaline hakugeuka. Alimwacha alie mpaka pumzi ikamrudia.

"Njoo ukae upande wa miguu," akamwambia. "Hapa hatukai kiti kimoja. Nelima yuko katikati yetu."

Wekoye akainuka, akaenda, akakaa upande wa miguu, na wawili hao wakabaki pale mpaka ng'ombe walipoanza kulia wakitaka kukamuliwa.