Taa ya Njano Haiombi Njia

Kilichoniamsha ni kijiko. Kilikuwa kinagongagonga kikombe gizani, polepole, kama mtu anakoroga sukari isiyotaka kuyeyuka. Nikabaki nimelala nasikiliza, maana jana yake nilishinda shambani kwa watu nikipalilia karoti na mgongo ulikuwa bado haujanisamehe. Halafu nikakumbuka kwamba sukari ndani hatukuwa nayo.

Nikawasha tochi ya simu. Mdogo wangu Grace alikuwa amekaa kitandani kwake, kikombe cha maji kimetulia mapajani, kijiko kimo ndani, na mikono yake miwili inatetemeka. Alikuwa anasaga kidonge cha maumivu ili akimeze bila kutuamsha. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Miguu ilivimba tangu Jumapili, na nesi Happiness wa zahanati alishatuambia wazi kwamba akianza kuumwa kichwa na kuona nyotanyota machoni, tusingoje kupambazuke. Nikamuuliza kama anaziona. Akasema anaziona, tena nyingi, hata akifumba macho.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Nilimvalisha mwanangu Faraja sweta, ana miaka sita, hakuna wa kumwachia. Tukaenda kumgongea mjomba Stefano, kaka wa marehemu mama. Kwetu huku milimani mjomba ndiye mwenye neno, na huyu neno lake ni zito kuliko la wengine. Hakuuliza mengi. Aliwaamsha vijana watano, wakatoa machela ya mianzi iliyokuwa imening'inizwa darini kwake, wakamchukua Grace hadi zahanati.

Nesi alimpima presha mara mbili. Mara ya pili alinitazama mimi badala ya kuitazama mashine, nikaelewa. Akamchoma sindano, akapanda kwenye lile jiwe la nyuma ya choo ambako mtandao unapatikana, akapiga simu mjini. Akashuka akatuambia gari la wagonjwa linatoka sasa hivi, tukutane nalo darajani kama kawaida, maana gari huku juu haliwezi kufika. Yeye mwenyewe asingeweza kutufuata, alikuwa na mama mwingine ndani aliyeshaanza kusukuma. Alinipa barua ya rufaa, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akasema Grace asikae njiani zaidi ya lazima, kwamba sindano ile imempa muda tu, haijamponya.

Basi tukatoka. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na njia ilikuwa utelezi mtupu. Mjomba alishika mbele, pamoja na miaka yake sitini na kitu. Ana sharti lake la siku zote, na kijiji kizima wanalishika: machela yenye mtu hai haigeuzwi. Ikishatoka inakwenda mbele, wabebaji watapokezana mabega wakitembea, lakini kurudi nyuma hakuna. Inayorudi, anasema, ni ya maiti.

Mwendo wa nusu saa hivi, tukafika kwenye mgongo wa mlima pale njia inapogawanyika. Ya kushoto inashuka moja kwa moja hadi darajani. Ya kulia inazunguka, inavuka mto kule juu ambako ni kijito tu, kisha inakwenda kuangukia barabarani dukani kwa Halidi, upande wa mjini, ambako gari la kutoka mjini linapita kabla ya kufika darajani. Hiyo ni ndefu, saa nzima zaidi, na ina mwinuko unaomaliza watu. Hakuna aliyekuwa na mawazo nayo.

Tukaiona taa. Chini kabisa, kwenye kona ya daraja, inawaka inazima, inawaka inazima.

Raphael, kijana aliyeshika nyuma, akasema gari limeshafika na leo atawahi kuvuna kabichi zake. Wengine wakacheka kwa uchovu, ule wa kucheka ili usikae chini. Wakaanza kugeukia kushoto. Mimi miguu ikakataa. Nilikuwa naitazama ile taa, na kulikuwa na kitu hakijakaa sawa.

Miaka miwili niliishi mjini, Msamvu kwa shangazi, mchana nauza chakula, jioni nasoma masomo ya watu wazima. Tulikuwa tunakaa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yamegusa kidevu, na Faraja amelala chini kwenye khanga. Siku moja umeme ulikatika katikati ya somo la uraia. Mwalimu Wilfred akasema basi twendeni nje, giza nalo ni ubao. Akatupanga pembeni ya barabara kuu, tukasimama kama kwaya, tukaangalia vimulimuli vya magari yanayopita kwenda na kutoka Dar. Bluu, alisema, mara nyingi ni polisi. Nyekundu ni zimamoto na wagonjwa, na siku hizi wengine wanaichanganya na bluu. Hao wote wanaomba njia, uwapishe, hata kama umechoka, hata kama taa yako ni ya kijani. Likapita lori la mitambo na kimulimuli cha njano juu ya kichwa. "Huyu haombi njia," alisema. "Njano inakwambia punguza mwendo, hapa kuna shughuli au mbele kuna kikwazo. Ukimkimbilia akusaidie, utamkuta anachimba." Mwanafunzi mmoja akauliza vipi bajaji yenye taa za rangi zote, ikimulika mbele nyuma. Mwalimu akajibu bila kucheka kwamba hiyo ni harusi.

Faraja usiku huo alikuwa ameshaamka mgongoni kwangu. Alikuwa anataja rangi moja moja mpaka watu wazima wakamwachia kazi.

Ile ya darajani ilikuwa ya njano. Na ilikuwa imesimama pale pale.

"Mjomba," nikasema, "lile siyo gari la wagonjwa."

Wakasimama. Mjomba hakugeuka, na mti wa machela begani. Akaniambia taa inawaka inazima, nataka nini tena. Nikamwambia ni ya njano, mjomba, njano ni ya watu wa barabara, na kama watu wa barabara wako darajani saa kumi na nusu ya alfajiri basi daraja lina shida, tutashuka na Grace tukute maji, na gari litakuwa ng'ambo. Nilisema haraka haraka, kwa adabu yote niliyonayo, nikijua vijana wanasikiliza. Raphael akasema labda wamebadilisha balbu, mwalimu. Huwa wananiita mwalimu tangu nirudi na madaftari.

Mjomba akakumbusha kwamba yeye mwenyewe alipoanguka kutoka juu ya mti wa parachichi alifuatwa na gari lenye taa pale pale darajani. Taa ni taa, alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na amembeba mtoto wa dada yake.

Na mimi uhakika wangu ukaanza kupungua. Kulikuwa na ukungu bondeni. Je, nyekundu ikipita kwenye ukungu haipauki? Mwalimu Wilfred hakutufundisha ukungu. Nikimzungusha Grace saa nzima zaidi kwa sababu ya daftari langu, halafu gari liwe lilikuwa pale linatusubiri? Nikainama nikamuuliza Faraja anaona rangi gani. Wanaume wote wakamwangalia. Akaficha uso kwenye khanga yangu.

"Mfuateni dada," sauti ikasema kutoka kwenye machela. Grace alikuwa amefumba macho. Hata kichwa hakuweza kukiinua kuitazama hiyo taa.

Mjomba akahamisha mti kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

"Upendo," akaniita, "ukikosea hatuna pa kurudia. Unalijua hilo."

Nikamwambia nalijua. Akageukia kulia.

Sitaueleza ule mwinuko. Nitasema tu kwamba kuna mahali vijana walipanda kwa magoti ili machela isiinamie nyuma, na hakuna aliyeniita mwalimu tena. Kwenye kijito Raphael aliteleza akajeruhi mguu, hakuuachia mti. Faraja alitembea nyuma yangu kabeba viatu vyake mkononi, kila nikimwuliza kama amechoka anasema hapana, kwa ile sauti ya mtoto aliyechoka hata kulia hawezi. Mimi nilishika mkono wa Grace palipokuwa na nafasi. Mwanzoni alikuwa ananibana vidole. Baadaye nikawa nambana mimi tu.

Tukafika dukani kwa Halidi anga imeanza kuwa kijivu. Duka limefungwa. Barabara ilikuwa tupu huku na huku, matope na madimbwi, hakuna gari, hakuna taa ya rangi yoyote. Wakaweka machela barazani. Mjomba alikaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti, hakunitazama. Angenisema ningejibu. Nilimwita Grace, akaitika baada ya muda mrefu, kana kwamba jina lilibidi lipande mlima kumfuata.

Kisha tukasikia pikipiki, ikitokea upande wa daraja. Alikuwa Abeid, bodaboda wa pale chini, amelowa mpaka kofia. Alituamkia, shikamoo mjomba, akaona machela, akazima injini. Alisema tuta la daraja limesombwa tangu saa nane usiku, tingatinga lipo pale na kimulimuli chake linasukuma mawe, hata mtu wa mguu havuki. Yeye alimpeleka abiria, wakakataliwa kuvuka, abiria akabaki pale anangoja. Mjomba akamuuliza kuhusu gari la wagonjwa. Abeid hakuliona. Labda limekwama kwenye matope ya kona za chini, alisema, labda limeambiwa njia imekatika likageuza. Kwenye hilo neno la kugeuza niliitazama machela. Akasema atakwenda kuelekea mjini mpaka alikute au mpaka apate mtandao, amwambie dereva kwamba mgonjwa yuko hapa, siyo darajani. Akaondoka. Tukaiangalia taa yake ya nyuma, nyekundu ndogo isiyomulika, mpaka kona ikaimeza.

Mjomba alivua koti lake. Grace alikuwa na mablanketi mawili, kwa hiyo alimfunika Faraja. Akakaa tena, kisha akasema, kwa wale vijana, siyo kwangu:

"Mwalimu asimame barabarani aangalie. Sisi rangi hatuzijui."

Nikasimama. Niliangalia ile kona mpaka ikaanza kucheza, nikaona taa ambazo hazipo, nikazikataa moja moja. Nilimwambia Grace, bila kugeuka, kwamba Novemba nafanya mtihani, kwamba nikifaulu nitasomea kozi ya wahudumu wa afya, kwamba mtoto wake atalala chini ya dawati langu kwenye khanga kama Faraja alivyolala. Nilimwambia aitike hata kwa kukohoa. Akakohoa. Nikaendelea kuongea. Safari moja nilipomaliza sentensi hakukohoa, nikaisema tena ile ile kwa sauti ya juu, na mjomba akaenda kupiga magoti karibu naye, akaanza kumsugua mikono.

Nikageuka kuwaangalia. Sikupaswa kugeuka, lakini niligeuka, na nilipokuwa nimewapa barabara mgongo, macho yakiwa kwenye midomo ya mdogo wangu nikingoja isogee, Faraja alitoka chini ya lile koti. Akapanda kwenye ngazi ya juu kabisa ya duka, mbele ya wanaume wote, akanyoosha kidole.

"Mama, ile nyekundu inakuja."