Mstari wa Hamsini na Tatu

Simu ilipolia saa saba na robo mchana, Corinne Paavola alikuwa anakula sandwichi ya samaki mbele ya kompyuta, kama alivyokula kwa miaka kumi na tisa katika ofisi ile ile ya kaunti. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa kuchoshwa na kila kitu, mpaka na mlio wa simu.

"Ni Joyce, nesi wa kliniki ya figo," sauti ilisema. "Dada, kuna mzee wangu, Arvo Kettunen. Jumatano hakuja, na leo tena kiti chake kitupu. Nikimpigia, simu inaita tu. Watu wenu wa magari wanasema hakuomba usafiri."

"Basi labda hakuomba."

"Huyo? Mwaka wa pili huu hajakosa hata siku moja. Sasa sikiliza. Kesho na keshokutwa tumefunga. Damu yake isiposafishwa leo, Jumatatu hafiki, nakwambia ukweli. Mashine namshikia mpaka saa kumi na moja."

Corinne aliisukuma sandwichi kando. Fomu ya wagonjwa kuomba gari aliitengeneza yeye. Aliifungua, akaijaza kwa jina la uongo, akabonyeza. Ukurasa ukamjibu: "Asante sana. Ombi lako limetufikia." Chini yake picha ya ziwa. Akaitazama ile picha kwa muda. Hakuwahi kuweka ziwa lolote mahali popote.

Sasa, tovuti ya kaunti ina orodha. Ombi likiingia, programu huisoma orodha kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolikubali ombi lile ndio unaolichukua na kulipeleka kwa wahusika. Ukishalichukua, basi, mistari ya chini haiulizwi tena. Corinne aliifungua orodha akateremka nayo taratibu: kuzoa taka, makaburi, vibali vya mbwa. Mstari wa hamsini na tatu ukamsimamisha. Ulisema, kwa lugha yake ya kompyuta, kwamba ombi la anwani yoyote ile ya tovuti, iwe ipi, lipelekwe kwenye ukurasa wa asante.

Akakumbuka. Bosi wao, Dell Hutchins, alilalamika kwamba mwananchi akikosea anwani anakutana na maandishi makali ya kosa. Alitaka mtu aliyepotea apewe neno la upole. Kazi akapewa Wade Tibbets, wa meza ya pili. Mstari wa namna hiyo hukaa mwisho kabisa wa orodha, uwaokote waliokosa pa kwenda. Wade aliuweka chini ya mbwa na juu ya wagonjwa. Tangu Jumanne, kila aliyeomba gari alishukuriwa, na ombi lake likatupwa.

"Wade," alisema bila kugeuka, "mbwa wana vibali, lakini wagonjwa hawana gari."

Wade akaja na kikombe chake kisichooshwa, akasoma. Halafu akasema polepole, "Lakini mama, mbona mstari huu ulipita? Mtu aliukubali."

Hakuna badiliko linaloingia pale bila mtu wa pili kulisoma na kulikubali. Corinne alifungua kumbukumbu. Jumanne, saa mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, sekunde tisa baada ya Wade kulileta: "Naona sawa." Jina lake mwenyewe. Hakusoma. Asubuhi ile alikuwa amezoa theluji kwa koleo tangu alfajiri, kazi arobaini zinamsubiri, naye akabonyeza tu kama anavyobonyeza siku zote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ni mimi," alisema. "Wewe ulikosea, mimi ndiye niliyekupitisha."

Dell alitokea mlangoni akiwa tayari na koti. "Nasikia mnataka kuingiza kitu. Corinne, leo Ijumaa." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. Karatasi ilikuwa pale, mwandiko wa Corinne: IJUMAA HATUGUSI KITU. Aliibandika miaka sita iliyopita, baada ya badiliko la Ijumaa moja kuwaharibia wikendi nzima.

"Naijua. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Basi Jumatatu."

"Kuna mtu haifikii hiyo Jumatatu, Dell."

Alimweleza kwa maneno machache. Dell alilivua koti lake, akakaa, hakuitaja tena Ijumaa. Corinne aliuhamisha mstari ule mpaka chini kabisa, akamtumia Wade.

"Nikubali?"

"Soma kwanza. Orodha nzima, kidole kwenye kioo. Leo hakuna cha naona sawa."

Wade alisoma midomo ikimcheza. Dakika nne. Corinne hakuwahi kuona dakika nne ndefu vile. Walipoingiza, akajaribu tena, na safari hii ombi likaenda kwa watu wa magari. Lakini maombi ya zamani yalikuwa yamepotea. Seva, ile kompyuta kuu ya tovuti, ilitunza namba ya simu ya mwombaji na saa tu. Waombaji walikuwa sita. Wade alianza kuwapigia; watano walipokea, wote walikuwa wamepelekwa na watoto wao au majirani. Wa sita alikuwa Kettunen: Jumanne mara tatu, Alhamisi mara kumi na moja. Leo hakuna.

"Madereva wako wapi?" Corinne aliuliza.

"Wa karibu yuko mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa," Dell alisema. "Nenda tu. Nitampigia nesi akupe anwani."

Saa kumi kasorobo Corinne alikuwa juu ya kilima, mbele ya nyumba ndogo ya mbao ambayo theluji ya ngazini haikuwa na alama ya mguu. Aligonga. Mlango ulifunguka papo hapo, kwa sababu mzee alikuwa ameketi nyuma yake tu, kwenye kiti cha jikoni, na koti, na kofia, na mkoba magotini. Uso ulimvimba. Miguu ilikataa kuingia viatuni, akavaa soksi tupu.

"Gari?" aliuliza kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri.

"Gari, mzee. Umekaa hapa tangu lini?"

"Jumatano nilikaa. Na leo tangu asubuhi. Nilijua mmenipata, kila nikibonyeza naambiwa asante. Jana nikabonyeza sana, nikaona haya. Watu wana kazi zao. Leo nikaacha."

Corinne alipiga magoti, akamfunga miguu kwa skafu yake, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Alitaka kumwambia ukweli, lakini akamshika mkono tu wakatoka.

Walipofika garini mzee alivuta pumzi kwa taabu, akampigapiga begani.

"Ukirudi ofisini, binti, nisalimie aliyetengeneza ule ukurasa," alisema. "Ana adabu sana."

Corinne aliwasha gari. Ilikuwa saa kumi na dakika tano, na Joyce alikuwa anaishikilia mashine mpaka saa kumi na moja.