Bosko Amekataa Posho

Atoo alikuwa mwongozaji wa mbwa katika kampuni moja ya ulinzi hapa Kampala. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Namuwongo, akamchukua Bosko bandani, na gari la kampuni likawapeleka hadi hoteli moja ya Naguru. Kazi ya Bosko ilikuwa kunusa magari ya wageni, kutafuta baruti, kabla geti halijafunguliwa. Walifunzwa pamoja tangu mbwa huyo akiwa bado mdogo. Alimtii Atoo peke yake, na Atoo, binti wa askari polisi aliyelelewa bila kubembelezwa, alimgawia mbwa chakula chake cha mchana na kumsemesha Kiacholi wakati hakuna anayesikia.

Mwanzoni alidhani ana mafua ya kawaida. Pua iliwasha, ikatiririka maji, kisha ikaziba kabisa, akawa analala mdomo wazi. Chafya zilimjia mfululizo hadi wageni wakapandisha vioo vya magari yao. Kwenye duka la dawa alipewa antibayotiki, zikaisha, akapewa nyingine. Alipewa pia vidonge vya aleji vinavyoleta usingizi. Siku moja msimamizi wake, afande Okwera, alimkuta amesinzia kwenye kiti, Bosko amekaa macho miguuni pake, akamwonya kwamba hatamvumilia tena. Mumewe Ocaya, ambaye ni mwanajeshi, alilaumu moshi wa takataka zinazochomwa kando ya reli. Alinunua godoro jipya na pazia zito. Hakuna kilichobadilika.

Mwishowe Atoo alikwenda hospitali kwa daktari wa pua, mwanamke mtulivu aitwaye Vera. Huyu hakukimbilia kuandika dawa. Alitaka kujua kama makamasi yalikuwa mazito au maji matupu, kama macho nayo yaliwasha, na kama kulikuwa na wakati wowote wa nafuu. Atoo akakumbuka kwamba alipokwenda Kitgum kumzika shangazi yake alipumua vizuri muda wote aliokaa huko. Daktari akammulika puani, akaona nyama za ndani zimevimba na kupauka. Alisema haya si maambukizi, na antibayotiki hazikuwa na kazi hapo. Alitaka kumpima kwenye ngozi, lakini vile vidonge vya aleji vingeharibu majibu, basi Atoo aviache wiki nzima ndipo arudi.

Wiki hiyo aliimaliza kwa shida, kitambaa mkononi usiku na mchana. Aliporudi, daktari alimdondoshea matone mkononi, kila tone akalichoma kidogo kwa ncha ya sindano, wakangoja. Tone la wadudu wa vumbi la nyumbani halikufanya lolote. La mende pia halikufanya lolote. Moja likainuka, uvimbe mweupe uliozungukwa na wekundu, likawasha hadi Atoo akajizuia kwa nguvu asijikune.

"Hilo ni la mbwa," Vera alisema.

Atoo aliutazama mkono wake. Kisha akasema, "Naweza kumwosha kila siku, daktari."

"Mwoshe. Itapungua kwa muda mfupi, halafu itarudi. Si manyoya tu, mama. Iko kwenye mate yake na kwenye ngozi yake inayopukutika. Mbwa hana kosa, na wewe huna."

Atoo akauliza kama hakuna sindano ya kumaliza jambo hilo. Daktari alimjibu bila kumficha kwamba zipo sindano za kuuzoesha mwili, lakini yeye hakuwa nazo, na hata zinakopatikana, ushahidi kwamba zinasaidia kwa mzio wa mbwa bado ni mdogo. Alimpa dawa ya kupuliza puani, akamwonyesha namna ya kuinamisha kichwa na kuelekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, na akamsisitizia aitumie kila siku, hata siku anazojisikia mzima. Aliongeza vidonge visivyoleta usingizi. Mwisho akamwambia kwamba tiba iliyo bora kuliko zote ni kutengana na mbwa.

Hilo la mwisho Atoo hakulifanya. Alipuliza dawa, alivaa barakoa, alimwosha Bosko hadi mbwa akachoka na maji. Kwa majuma kadhaa pua ilifunguka na chafya zikapungua, naye akaanza kuamini kwamba wamepona wote wawili. Halafu kifua kikaanza kubana. Akipanda ngazi za hoteli alisikia filimbi ndani ya pumzi yake mwenyewe. Vera alipomsikiliza mgongoni alimwambia kwamba sasa ni pumu, na hapo hakuna tena cha kujadiliana.

Atoo alipomweleza, Okwera hakukasirika. Alimhamishia Atoo kwenye geti la nyumba moja, huko huko Naguru, na Bosko akakabidhiwa kwa Byron, Mkenya aliyeajiriwa karibuni. Haikupita muda Byron akampigia simu.

"Dada Atoo, mbwa imekataa posho, huu ugali wenu. Hata nyama imekataa. Inaangalia tu mlango."

Atoo alikwenda bandani, akasimama mbali, ng'ambo ya waya wa uzio, na barakoa usoni. Alimwita Bosko kwa Kiacholi. Mbwa akainuka, akaja hadi kwenye waya, akalia kwa sauti nyembamba, na alipoambiwa ale, akala. Kesho yake Byron alipiga tena, na Atoo akaenda tena, safari hii akasogea karibu. Jioni hiyo pumzi ilimkata sebuleni kwake hadi Ocaya akambeba kumpeleka hospitali. Walipotoka, Ocaya mwenyewe alimpigia Byron, akamwomba asimtafute tena mke wake.

Bosko alikonda, lakini baadaye alikula. Byron alimweleza hivyo Okwera, Okwera akamweleza Atoo, naye akashukuru na kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sasa analala vizuri. Harufu zimerudi, na amegundua kwamba barabara yote ya lindo lake jipya huko Naguru inanukia asmini asubuhi.

Mchana mmoja Byron alipita barabara hiyo akimfanyisha Bosko mazoezi. Mbwa alisimama ghafla mbele ya geti la Atoo. Akavuta mkanda kwa nguvu zote, Byron akateleza, na Bosko akafika getini. Atoo alikuwa ameshaingia ndani ya geti na kusukuma komeo. Alisikia kucha zikiparuza bati la geti, na Byron akimsihi mbwa.

"Dada, mwambie aende," Byron alisema. "Anakusikia wewe."

Atoo hakumfukuza mbwa, wala hakufungua. Alibaki mkono juu ya komeo, huku kucha zikiendelea.