Kufuli ya Tatu

Jioni ile Anselmi hakubisha hodi. Aliingia, akavuta kigoda, akakaa kuelekea kitandani kwa shemeji yake, Severa, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Shemeji, nimefuata ufunguo."

Severa hakuacha kumenya. Duka la ushirika la mtaa wao, pale Kariakoo, lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao Bi Sitara kwa niaba ya watu wa pwani, wa pili alikaa nao yeye kwa niaba ya waliotoka bara. Sukari haikutoka mpaka pande zote mbili zisimame mlangoni na kuona. Utaratibu huo waliudai watu wa bara wenyewe, enzi Ramadhan alipokuwa balozi wa nyumba kumi na sukari ikiishia kwa jamaa zake. Aliyegonga meza kuliko wote siku ile alikuwa Anselmi. Sasa balozi ni Anselmi.

"Wa nini, na kesho tunafungua mbele ya watu?"

"Msako wa wahujumu uchumi umeanza. Mali ya umma inataka mlinzi mmoja. Wa Bi Sitara huu hapa."

Severa alijua ulivyopatikana. Juzi mgambo walimchukua Hamis, mtoto wa Bi Sitara, kwa ajili ya sabuni zilizokutwa chumbani. Alirudi hasemi na mtu.

"Ulisema mtu mmoja asishike funguo zote."

"Nilisema Ramadhan asishike. Mimi wa nyumbani. Wanao hawatakunywa chai isiyo na sukari."

"Na akija mwingine baada yako?"

"Nani kakwambia anakuja mwingine?"

Akacheka kidogo, kisha akainama taratibu, akachungulia mvunguni. Debe la mafuta ya kula ambalo Severa alitumiwa na dada yake kutoka Moshi lilikuwa pale pale. Severa alijilaumu kimoyomoyo.

"Wengine wangeuliza," Anselmi alisema akiinuka. "Mimi siulizi. Uje nao kesho dukani."

Asubuhi mawe na vikapu vilikuwa vimeshapanga foleni kwa niaba ya wenyewe. Severa alifika na debe kichwani, akalitua.

"Mafuta haya kanipa dada yangu, nami nikayaficha. Nimekosa. Leteni vyombo."

Watu walitazamana kwanza. Kisha kikatoka kikombe, kikatoka kisufuria. Anselmi alipofika, debe lilikuwa tupu, na mvunguni mwa kitanda cha Severa hamkuwa na la kuchungulia.

"Ufunguo, shemeji."

"Wangu nafungua kwa mkono wangu. Wa Bi Sitara mrudishie mwenyewe."

Anselmi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Severa hofu. Alitoa mfukoni kufuli mpya, akaibana chini ya zile mbili.

"Kama mbili zinalinda, tatu si zaidi? Duka litafunguliwa funguo zote zikiwa mkononi mwa balozi. Tunamngoja shemeji yangu tu, Mama Filbert." Akaenda kukaa kivulini.

Jua likapanda. Foleni haikutawanyika, nyuso tu ndizo zilizogeuka, moja baada ya nyingine, zikamwelekea Severa. Walikuwa wale wale wenye vikombe vya mafuta yake.

"Mpe, Mama Filbert," sauti ilisema karibu naye. "Watoto hawajanywa uji." Alikuwa Bi Sitara, kanga ameivuta mpaka machoni.

"Nikimpa, Bi Sitara, wakimrudia Hamis tutakataa kwa kitu gani?"

"Wamesema watamrudia usipompa."

Severa alikaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, ufunguo ameufumbata. Kutoka upande wa Ilala lori la mgambo lilikata kona, likaja polepole, mgambo wamesimama ndani yake. Wanawake wenye watoto mgongoni wakaanza kutoka kwenye mstari na kuondoka, kisha wengine wote, na Bi Sitara nyuma yao. Kila mmoja aliacha kikapu chake pale pale, kimshikie nafasi.