Karamu ya Siku ya Kumi na Tatu

Siku kaka yangu Devnarayan alipoondoka, alivaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Alikaa nyuma ya pikipiki ya Baba, wakaenda mjini kurudisha fomu zake za kugombea bunge la jimbo.

Baba alirudi peke yake, kwa miguu. Kwenye njia panda ya machimbo ya mchanga, gari jeusi liliwazuia. Alishuka Guddu, mpwa wa Ranvijay Singh, mbabe wa eneo letu, akamwambia Dev, "Karibu, mheshimiwa mtarajiwa. Twende tukupe lifti." Walimchukua, na pikipiki pia; Baba alimwona Guddu uso kwa uso. Maiti ya Dev ilipatikana kesho yake ndani ya shimo la mchanga, kando ya mto Son.

Ranvijay alikuwa gerezani kwa mauaji mengine, kwa hiyo aliyegombea kiti hicho kwa niaba yake alikuwa mkewe, Madhuri Devi. Shahidi wa mauaji ya Dev alikuwa mmoja tu, Baba. Aliwaambia polisi alichokiona, nao wakaandika.

Kwetu Bihar, chakula cha siku ya kumi na tatu baada ya kifo hutolewa na watu wa nyumba ya marehemu. Baba alikusudia kulisha makuhani watano tu, maana hatukuwa na kitu. Asubuhi hiyo lori likasimama mlangoni na unga, mafuta, ndoo za mtindi, na wapishi na masufuria yao. Guddu akateremka, akainama, akagusa miguu ya Baba.

"Baba mkubwa, pole. Dev alikuwa ndugu yangu. Shangazi Madhuri anataka kijiji kizima kile."

"Rudisheni," nikasema.

Guddu alinigeukia taratibu. "Dada bado anasoma? Ile njia ya chuoni haina hata taa. Tutaiangalia."

Baba alikuwa ameketi kizingitini, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika uani.

"Binti, usitutie aibu," alisema Mjomba Jagdamba. "Jambazi ni jambazi, sikatai, lakini ni wa tabaka letu. Ulitaka tuwape kura wale wa tabaka la ng'ambo ya mto, watukalie kichwani?"

"Transfoma ilipoungua, serikali ilikuja?" akadakia mwingine. "Ranvijay aliileta akiwa huko huko gerezani. Wenzake walio nje hawawezi kuleta hata balbu."

Wakacheka, kisha wakakumbuka pale ni msibani.

"Na Dev je?" nikauliza.

"Dev, Mungu amlaze pema," alisema Mjomba. "Sogezeni hizo ndoo kivulini, mtindi utaharibika."

Baba akasimama. Akashika sikio moja la sufuria kubwa, Guddu akashika la pili, wakaiteremsha pamoja. Nilijua hapo kwamba kesi yetu imekwisha. Watu walikula mikate ya puri na mboga ya boga mpaka jua likazama, na wengine wakaomba waongezewe vitamtamu.

Kesi ilipofika mahakamani, wakili wa serikali alimnyoshea kidole Guddu kizimbani, akamuuliza Baba:

"Unamfahamu?"

"Namfahamu. Alinilishia watu kwenye msiba wa mwanangu."

"Ulimwona njia panda siku ile?"

"Macho yangu ya kizee, bwana. Sikuona mtu."

Guddu aliachiwa. Madhuri Devi alishinda, hata katika kituo chetu cha kura, na sasa yumo kwenye kamati inayosimamia machimbo ya mchanga. Baba ameajiriwa kulinda lango la machimbo hayo. Kila alfajiri namfungia chapati na viazi, anakwenda kazini.